Bei Iliyopangwa Mbali

Kabla ya mwani kulimwa, mwanamke wa pwani ya mashariki ya Unguja aliyetaka pesa yake mwenyewe alikuwa na makumbi. Alikusanya maganda ya nazi, akachimba shimo kwenye mchanga unaofunikwa maji yakijaa, akayafukia na kuyawekea mawe juu yasichukuliwe na mkondo, kisha akayaacha miezi kadhaa yaoze. Yakishaiva aliyafukua, akayaponda kwa gongo mpaka nyuzi zikatoka, akazianika na kuzisokota kamba. Kila shimo lilikuwa na mwenyewe, na majirani walimjua. Maji yakipwa walikuwapo pweza wa kuchokoa miambani na kombe wa kuokota, na nyuma ya nyumba kulikuwa na muhogo uliopandwa katikati ya mawe ya uwanda. Kazi hizo hazikumtajirisha mtu. Ila ziliacha mila iliyokuja kuwa na thamani kubwa baadaye: maji mafupi, kuanzia ufukweni hadi kwenye mwamba unaovunja mawimbi, yalikuwa ya wanawake. Wanaume waliyapita kwa ngalawa wakielekea nje.

Historia ya biashara ya mwani Zanzibar husimuliwa mara nyingi kama habari njema ya maendeleo: wageni wakaleta mbegu, wanawake wakapata kipato, visiwa vikapata fedha za kigeni. Yote hayo yalitokea. Lakini ukiifuatilia kwa jicho la mfanyabiashara, utaona kwamba kwa miaka mingi waliobeba biashara yote migongoni hawakuwa na sauti katika jambo moja tu, nalo ndilo lililoamua kila kitu: bei. Walipoanza kuigusa hiyo bei, walifanya hivyo kwa kubadilisha namna ya kuzalisha, na kilichowasukuma kilikuwa joto la bahari.

Mwani wenyewe haukuwa mgeni. Katikati ya karne ya 20 wakaazi wa pwani waliokota mwani wa porini, wakaukausha, na wafanyabiashara wakausafirisha ng'ambo. Wanunuzi walitafuta kitu kinachotolewa ndani yake, karajinani, utomvu unaofanya vinywaji vya maziwa visitengane, aisikrimu iwe laini na dawa ya meno isimwagike kama maji. Kadiri viwanda vya vyakula vilivyokua, mwani wa kuokota haukutosha. Mapema miaka ya 1970 jibu likapatikana Ufilipino, ambako mtaalamu wa mwani Maxwell Doty wa Chuo Kikuu cha Hawaii, akishirikiana na kampuni ya Marekani ya Marine Colloids, alifanikisha kilimo cha mwani baharini. Aina moja ya mwani ule ilikuja kupewa jina la kisayansi la kumuenzi Mfilipino aliyeshiriki kazi hiyo, Vicente Alvarez. Ufilipino ilipoanza kuvuna mashambani, mwokotaji wa Zanzibar hakuweza tena kushindana nayo.

Mtanzania aliyeona njia ya kutokea alikuwa Keto Mshigeni, msomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyepata shahada yake ya uzamivu Hawaii mwaka 1974. Aliporudi alitembea pwani ya Tanzania akiorodhesha mwani wake, akaandika na kusisitiza kwamba unaweza kulimwa hapa, na miaka ya 1980 majaribio yakaanza. Kilimo cha biashara kikashika mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, Unguja, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Uamuzi huo wa mbegu ulionekana wa kawaida kabisa wakati ule. Baharini mwa Tanzania kulikuwa na mwani wa asili wa jamii hiyohiyo, lakini ule wa Ufilipino ulikuwa umeshazoea shamba na wanunuzi walishaujua. Basi maelfu ya mashamba yakaanzishwa kwa vipande vya mwani wenye asili finyu, vikikatwa na kupandwa, vikikatwa na kupandwa, mwaka baada ya mwaka. Madhara yake yalichelewa kuonekana.

Kazi ilifuata mwezi, wala haikufuata saa. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, wanawake walishuka pwani na vijiti, kamba na mafungu ya mbegu. Safu mbili za vijiti zilikitwa mchangani, kamba ikavutwa katikati, na kila baada ya kiganja kimoja au kiasi hicho kikafungwa kipande cha mwani kwa kikamba chembamba. Baada ya wiki sita hivi mwani ulikuwa umenenepa vya kutosha kuvunwa. Ulibebwa umelowa hadi nchi kavu, ukaanikwa siku kadhaa, na hapo uzito ukayeyuka: kilo saba hadi kumi za mbichi zilitoa kilo moja kavu. Ikinyesha mvua ukiwa umeanikwa, ubora ulishuka na bei nayo.

Wanaume nao walijaribu mwanzoni. Wengi waliacha mapema, kwa hesabu rahisi: uvuvi, ujenzi na baadaye hoteli zililipa zaidi kwa siku. Pemba wengine walibaki. Kwa jumla, hata hivyo, wanawake wakawa karibu wanane katika kila wakulima kumi, na makadirio mengine huwaweka juu ya hapo. Mara nyingi jambo hili huelezwa kama ukombozi. Inafaa kukumbuka pia kwamba kazi huachiwa wanawake pale malipo yake yanapokuwa madogo mno kwa wengine.

Hata hivyo pesa ile ndogo ilitikisa vijiji. Mama aliyezoea kumwomba mumewe nauli sasa alikuwa na fungu lake, lililolipwa mkononi siku kampuni ilipokuja kupima magunia. Zilinunuliwa sare za shule, vyombo, vitanda na mabati. Wapo waliojenga nyumba kwa mwani, chumba kimoja kimoja, na katika jamii ambayo talaka inaweza kumtoa mwanamke kwa mumewe akiwa na nguo zake tu, nyumba aliyoijenga kwa jasho lake ilikuwa bima. Shamba la baharini halikuwa na hati. Aliyekita vijiti ndiye mwenyewe, kama ilivyokuwa kwa mashimo ya makumbi, na desturi hiyo iliwalinda wanawake kuliko karatasi yoyote ambayo wangeweza kupewa wakati ule.

Tatizo lilikuwa kwenye mizani. Kampuni za ununuzi ziliwapa wakulima kamba na vikamba bila malipo ya papo hapo, na kwa kubadilishana mkulima alitakiwa kumuuzia aliyempa vifaa. Mpango huu uliwawezesha wasio na mtaji kuanza, na hilo ni la haki kulisema. Lakini pia ulimaanisha kwamba kila kijiji kilikuwa na mnunuzi mmoja, na mnunuzi mmoja hujipangia bei. Juu yake walikuwapo wasindikaji wa Denmark, Ufaransa na Marekani, na juu yao soko la dunia lililojazwa na Ufilipino na Indonesia. Zanzibar ilipanda hadi kuhesabiwa ya tatu duniani kwa aina hizi za mwani, na mwani ukawa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya fedha za kigeni visiwani, nyuma ya utalii na karafuu. Mkulima wa Jambiani aliendelea kulipwa shilingi mia chache kwa kilo kavu. Alizalisha maelfu ya tani pamoja na wenzake, na hakuna hata mmoja wao aliyekaa kwenye meza ilipopangwa bei hiyo.

Mashamba yalikuwa na aina mbili. Spinosamu ilikuwa ngumu, ilivumilia maji mafupi, lakini bei yake ilikuwa chini. Kotonii ilitoa utomvu mzito zaidi na ililipa karibu mara mbili, ila ilikuwa na madeko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii ikaanza kufa. Matawi yalipauka, yakawa meupe kama barafu, yakakatika na kwenda na maji. Maji ya maeneo mafupi yalikuwa yanapita nyuzijoto 30 wakati wa kupwa kwa mchana, na mwani uliochoka kwa joto ulivamiwa na magonjwa na vimelea. Hapo ndipo uamuzi wa mwaka 1989 uliporudi kudai: mashamba yaliyotokana na asili finyu ya mbegu hayakuwa na aina nyingine ya kuhimili hali hiyo. Katika maeneo mengi ya Unguja kotonii ilitoweka kabisa. Wanawake wakabaki na spinosamu, ile ya bei ya chini, na wengi wakaacha.

Hapa anaingia Flower Msuya. Alikuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko mjini Zanzibar, tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na alishafanya kazi na wakulima wa mwani kwa miaka. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango uliowaunganisha wakulima, watafiti, wanunuzi na maofisa wa serikali chini ya mwavuli mmoja, na Msuya akawa kiongozi wake. Jina la mpango huo kwa Kiingereza ni Zanzibar Seaweed Cluster Initiative. Wazo lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza: kama bei ya mwani mkavu haipandi, wanawake wauze kitu kingine kilichotengenezwa kwa mwani.

Wakaanza na sabuni. Mwani husagwa kuwa unga, ukachanganywa na mafuta ya nazi, karafuu, mchaichai au mdalasini, vitu ambavyo visiwa havijawahi kuvikosa. Kidoti, kaskazini mwa Unguja, kikundi cha wanawake kinachoitwa Tusife Moyo kikawa miongoni mwa vilivyojulikana zaidi kwa kazi hiyo. Hesabu yake ilishangaza hata waliokuwa na shaka. Mche mmoja wa sabuni, uliobeba unga kidogo tu wa mwani, uliuzwa kwa bei iliyozidi kilo nzima ya mwani mkavu. Kutoka hapo zikafuata losheni, vitafunio, achari na juisi. Paje nako kukaanzishwa karakana ambapo wanawake wa kijiji hutengeneza sabuni na vipodozi vinavyouzwa kwa watalii na kusafirishwa nje.

Mabadiliko hayo hayakuwa ya bidhaa tu. Kikundi kinachouza sabuni kinahitaji mwekahazina anayejua kuandika daftari, mtu wa kwenda mjini kufuatilia alama ya ubora ya Shirika la Viwango, mtu wa kuzungumza na hoteli, na mwenyekiti wa kuamua faida igawanywe au inunue mashine ya kusagia. Hiyo ni bodi ya wakurugenzi, ingawa inakaa kwenye mkeka. Mwanamke ambaye miaka kumi iliyopita aliulizwa tu amevuna kilo ngapi, sasa aliulizwa bei ya jumla na bei ya rejareja zitofautiane kwa kiasi gani. Vikoba na upatu, vilivyokuwa vikisaidia harusi na maradhi, vikaanza kununua mitungi ya mafuta ya nazi.

Sifa hizi zisifunike upande wa pili. Mwaka 2012 kundi la watafiti, wakiwamo Msuya mwenyewe na Narriman Jiddawi wa taasisi hiyohiyo, lilichapisha utafiti uliouliza kama gharama ya kilimo hiki haikuwa kubwa mno. Wakulima waliohojiwa walieleza uchovu, maumivu ya mwili, njaa wakiwa kazini, matatizo ya macho na ya kupumua, kuchomwa na viumbe vya baharini na kukatwa na magamba makali. Waliiona afya yao kuwa mbaya kuliko ya wanawake wasiolima mwani, na kipato chao kilikuwa chini ya mstari wa umaskini uliokithiri. Ni nadra watu kuchapisha ushahidi mzito kiasi hiki dhidi ya kazi wanayoipigania. Pengine hilo ndilo linalofanya ushauri wao uaminike.

Kulikuwa na madeni kwa bahari pia. Vijiti vilikatwa kwenye mikoko na vichaka vya pwani, na vinahitaji kubadilishwa mara kwa mara. Mashamba mengine yaliwekwa juu ya nyasi za bahari, zile ambamo samaki wachanga hujificha, na vikamba vya plastiki vilivyokatika vilibaki vikielea. Mwani haumwagiliwi maji ya kisima wala haulishwi mbolea, na kwa hiyo hutajwa kuwa kilimo safi kuliko vingi. Usafi huo una mipaka, na wakulima waliijua kabla ya mashirika kuja na semina. Baadaye wanunuzi wakubwa na wahifadhi nao walijiunga: kampuni ya Cargill, shirika la uhifadhi The Nature Conservancy na kampuni ya C-Weed wakaendesha mafunzo visiwani kuhusu uchaguzi wa mbegu, mahali pa kuweka shamba na namna ya kupunguza uharibifu. Inafurahisha kuona kampuni kubwa ikigharamia mafunzo. Ingefurahisha zaidi kuiona ikipandisha bei ya kilo.

Njia nyingine iliyopendekezwa ni kuhamia maji ya kina kirefu, ambako joto ni dogo na kotonii inaweza kuishi. Badala ya kufunga kipande kimoja kimoja, mwani huingizwa kwenye nyavu ndefu mfano wa soksi, zikaning'inizwa kwa maboya. Kisayansi ilifanya kazi. Kijamii ikagonga mwamba uleule uliogawanya pwani tangu enzi za makumbi: kina kirefu kilikuwa cha wanaume. Wanawake wengi hawakujua kuogelea, na hawakuwa na vyombo. Ilibidi mradi wa nyavu uambatane na masomo ya kuogelea na ya kuendesha mashua, na vikundi vinunue mashua zao wenyewe. Pale ambapo mashua ilikuwa ya mtu mwingine, sehemu ya mavuno iliondoka na mashua.

Mtaji, basi. Mjini Dar es Salaam katika miaka hiyohiyo wanawake walikuwa wakipanda ngazi za juu za kampuni. Ruth Zaipuna alishika uongozi wa Benki ya NMB mwaka 2020, na mwaka 2022 benki hiyo ikatoa hatifungani ya Jasiri, iliyolenga kukopesha biashara za wanawake. Ilitafuta shilingi bilioni 25, wawekezaji wakaleta zaidi ya bilioni 74. Mwaka uliofuata ikaja hatifungani nyingine, Jamii, iliyofungamana na miradi ya mazingira na ya kijamii. Kwa historia ya benki Afrika Mashariki, hilo si jambo dogo. Mwaka 1977, Mary Okelo alipokuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa meneja wa tawi la benki, mwanamke wa huko aliyetaka mkopo aliulizwa kwanza kuhusu mume au baba yake, na kero hiyo ndiyo iliyomsukuma kushiriki kuanzisha mfuko wa fedha wa wanawake, Kenya Women Finance Trust, miaka michache baadaye.

Lakini benki, hata iliyoongozwa na mwanamke, inataka dhamana. Shamba la mwani lisilo na hati, linalofunikwa na maji mara mbili kwa siku, haliwezi kuwekwa rehani. Desturi ileile iliyomlinda mkulima dhidi ya kunyang'anywa inamzuia kukopa. Na hata ulinzi wake umeanza kulegea: Paje, ambako hadithi hii ilianzia, mwambao mzuri umejaa hoteli na wanamichezo wa tiara za kuteleza juu ya maji, ambao wangependa vijiti vile visiwepo. Mtalii ana stakabadhi ya malipo. Mwenye vijiti ana kumbukumbu za majirani.

Janga la korona lilipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, vikundi vilivyotegemea mtalii kununua sabuni vilibaki na maboksi yaliyojaa. Lilikuwa funzo kali kwa waliodhani kwamba kuacha kumtegemea mnunuzi mmoja wa mwani mkavu kumemaliza tatizo la kutegemea. Baadhi ya viongozi wa vikundi walianza kutafuta wateja wa mjini na wa bara, kwa vipande vidogo na bei ya chini.

Mwishoni mwa mwaka huo Hussein Mwinyi aliingia ikulu ya Zanzibar na sera ya uchumi wa buluu, ikafuatiwa na wizara yenye jina hilo. Serikali ikaunda Kampuni ya Mwani Zanzibar na kuanza kujenga kiwanda Chamanangwe, Pemba, ambako ndiko mwani mwingi wa visiwa unakovunwa. Kusindika nyumbani ni jambo lililosemwa tangu enzi za Mshigeni, na kama kiwanda kitanunua kwa bei nzuri kitabadilisha hesabu ya kila kijiji. Wakulima hata hivyo wana sababu ya kuuliza nani atakaa kwenye bodi yake. Mnunuzi mmoja wa serikali bado ni mnunuzi mmoja.

Jambiani wapo waliochagua njia isiyohitaji kiwanda. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, shirika dogo la marinecultures limekuwa likifundisha wanawake, wengi wao wakiwa wanalea watoto peke yao, kulima sponji za kuogea. Sponji hazinunuliwi mbegu. Iliyokomaa hukatwa vipande, kila kipande kikatundikwa kwenye kamba inayoelea na kukua chenyewe, na kazi kubwa ni kukisugua kisizibwe na viumbe wengine. Joto huzisumbua sponji kidogo kuliko kotonii. Mafunzo huchukua takriban mwaka mzima, na anayemaliza hukabidhiwa shamba liwe mali yake. Kabla ya hapo hufundishwa kuogelea. Akivuna huzipanga kwa ukubwa na kuuza kupitia ushirika kwa maduka na hoteli, na kila ukubwa una bei yake iliyoandikwa.